Fungu la Mwenye Duka: Historia ya Kamisheni katika Ada za Usajili

Kamisheni ya duka la programu ni sehemu ya fedha ambayo mwenye duka, kwa kawaida Apple au Google, huikata katika malipo yanayofanywa ndani ya programu ya simu kabla ya kumpelekea aliyeitengeneza kilichobaki. Kwa programu inayouzwa mara moja, mkato hufanyika mara moja. Kwa ada ya usajili, yaani ile inayolipwa kila mwezi au kila mwaka ili mtu aendelee kusikiliza muziki, kusoma gazeti au kutazama filamu, mkato hurudi kila ada inapolipwa. Ubishi mkali umezuka hapo. Dalali wa nyumba Dar es Salaam huchukua kodi ya mwezi mmoja mpangaji anapopata chumba, kisha huaga na kwenda zake. Mwenye duka la programu amedai fungu katika kila kodi, kwa muda wote mpangaji anaokaa. Kama anastahili au hastahili ni swali lililoulizwa tangu mwaka 2011 katika ofisi za magazeti, mahakamani na bungeni. Majibu yaliyotolewa yametegemea sana jambo moja: kama mpangaji alikuwa na njia nyingine ya kuingilia ndani.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko simu za kisasa. Nchini Ufaransa, shirika la serikali la posta na simu lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kusambaza Minitel, kifaa kidogo chenye skrini na kibodi kilichounganishwa na waya wa simu ya nyumbani. Mwaka 1984 likaanzisha mpango ulioitwa Kiosque. Mtu alipiga namba fupi kama 3615, akasoma habari au kupiga soga na watu asiowajua, na gharama ya dakika hizo ikaingizwa katika bili yake ya simu. Shirika lilikusanya fedha, likabakiza sehemu yake na kumpa mwenye huduma iliyosalia. Mwenye huduma hakuhitaji kujua jina la mteja wala kumfuata kwa deni. Kukusanya franka chache chache kutoka nyumba nyingi kiasi kile ni kazi ambayo gazeti dogo la mkoani lisingeiweza peke yake, na aliyeifanya alikuwa na haki ya ujira.

Mfano wa pili, ulio karibu zaidi na usajili wa leo, ulitoka Japani. Tarehe 22 Februari 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilizindua i-mode, huduma iliyoweka kurasa za intaneti katika simu ya mkononi. Makampuni yaliyoidhinishwa yaliuza habari, milio ya simu, picha na michezo kwa ada ya mwezi, ambayo kwa kawaida haikuzidi yeni 300. DoCoMo ilikusanya ada hizo kupitia bili ya simu na kukata asilimia 9. Sababu ya mkato kuwa mdogo ni wazi: DoCoMo ilikuwa ikipata fedha kwingine, katika data ambayo mteja alitumia kila alipofungua kurasa hizo. Kadiri huduma zilivyokuwa nyingi na nzuri, ndivyo bili ya data ilivyopanda, na kuwabana waliozileta kungekuwa kujikata mkono. Tena i-mode haikuwa imefungwa. Mtu aliweza kuandika anwani ya tovuti isiyoidhinishwa na kuifungua, ingawa tovuti hiyo haikupata huduma ya kukusanyiwa ada. Aliyetaka huduma aliilipia, asiyeitaka alipita.

Afrika Mashariki nayo imeujua mpango wa namna hii, kwa sura isiyopendeza hivyo. Miito ya simu ya Skiza, ambayo Safaricom huwauzia wateja wa Kenya kwa kuwakata salio, ni usajili kamili: mteja huchagua wimbo, na fedha huondoka kidogo kidogo muda wote anaoutumia. Wanamuziki wamelalamika kwa miaka mingi, na mara nyingine kufika mahakamani, kwamba baada ya kampuni ya simu, kampuni za kati na vyama vya hakimiliki kuchukua chao, kinachomfikia mwenye wimbo ni kidogo mno. Katika biashara ya aina hii anayeshika mkoba wa mteja ndiye huwa na sauti kubwa wakati wa kugawana, na mtunzi huja mwisho.

Asilimia 30 iliingia katika simu mwaka 2008. iPhone ilipoanza kuuzwa Juni 2007 haikuruhusu programu za watu wengine. Tarehe 6 Machi 2008, huko Cupertino, Steve Jobs alitangaza kwamba duka litafunguliwa na kwamba mtengenezaji atabaki na asilimia 70 ya bei anayoipanga mwenyewe. Programu za bure hazingetozwa kamisheni. Mtengenezaji angelipa dola 99 kwa mwaka tu. App Store ilifunguliwa tarehe 10 Julai ikiwa na programu zipatazo 500. Jobs alieleza kwamba kampuni haikutarajia faida kubwa dukani, kwa kuwa fedha zake zilitokana na kuuza simu.

Watengenezaji walishangilia, na haikuwa ujinga. Kabla ya hapo programu ya simu iliuzwa kupitia makampuni ya simu na maduka ya mtandaoni ambayo mara nyingi yalichukua zaidi ya theluthi, au ilifungwa katika boksi na kuwekwa rafuni, ambako kiwanda, msambazaji na muuzaji walikula sehemu kubwa ya bei. Kwa kijana aliyeandika mchezo mdogo chumbani kwake, duka lililomfikisha kwa mamilioni ya watu, likakusanya fedha na kumtumia asilimia 70, lilikuwa neema. Kamisheni ya mwaka 2008 ilikuwa na kazi ya kuonyesha.

Google ilifungua Android Market mwaka huohuo na mnamo Oktoba ikatangaza mgao uleule wa 70 kwa 30. Maelezo yake, hata hivyo, yalikuwa tofauti: Google ilisema asilimia 30 ile haikuwa yake, bali ingekwenda kwa makampuni ya simu na gharama za kushughulikia malipo. Namba moja, basi, ilikuwa na sababu mbili zisizofanana tangu mwanzo. Kwa mmoja ilikuwa ujira wa duka, kwa mwingine posho ya washirika. Hakuna aliyetoa hesabu ya gharama iliyozaa 30. Ilikuwa kiwango kilichozoeleka: iTunes ilibakiza takriban theluthi ya bei ya wimbo tangu 2003, na Steam, duka la michezo ya kompyuta, lilitumia asilimia hiyo hiyo.

Mwaka 2009 Apple iliruhusu malipo ndani ya programu, na mwaka 2010 ikatoa iPad. Wachapishaji wa magazeti, waliokuwa wakiona wasomaji wakihamia intaneti bila kulipa, waliitazama iPad kama mwokozi. Tarehe 2 Februari 2011 News Corp ilizindua The Daily, gazeti lililotengenezwa kwa ajili ya iPad pekee, kwa senti 99 za dola kwa wiki. Siku 13 baadaye, tarehe 15 Februari, Apple ilitangaza masharti ya usajili kwa wote: asilimia 30 ya kila ada inayolipwa kupitia duka lake, mwezi hadi mwezi, bila kikomo.

Jobs aliitetea kanuni hiyo kwa hoja ambayo, ikisomwa peke yake, ina haki ndani yake. Apple ikimleta msomaji mpya, itachukua fungu. Mchapishaji akimleta mwenyewe, atabaki na kila kitu. Kasoro ilikuwa katika masharti yaliyofuata. Mchapishaji aliyeuza usajili kwenye tovuti yake alitakiwa kuuza pia ndani ya programu, kwa bei ileile au chini ya hapo. Hakuruhusiwa kuweka kitufe wala kiungo cha kumpeleka msomaji nje. Kwa hiyo msomaji aliyelifahamu gazeti kwa miaka 20, aliyelitafuta kwa jina lake na kulifungua kwenye iPad, alihesabiwa kuwa ameletwa na Apple kwa sababu tu alibonyeza kitufe pekee kilichokuwapo mbele yake. Taarifa zake nazo zilibaki kwa mwenye duka, isipokuwa akubali kuzitoa. Kwa mchapishaji, kumjua msomaji wake ni mtaji wenye thamani kama ada yenyewe.

Siku iliyofuata Google ilitangaza One Pass, mfumo wa kukusanya ada za magazeti kwa asilimia 10. Hapo kuna kipimo ambacho mjadala wa baadaye ungepaswa kukirejea mara nyingi zaidi: kampuni kubwa yenye uwezo wote wa kuhesabu gharama za malipo iliona asilimia 10 inatosha. One Pass haikushamiri na ilifungwa mwaka 2012. Bei nafuu haikuisaidia, kwa sababu wasomaji wenye desturi ya kulipa walikuwa upande wa pili, ndani ya programu za iPad, ambako One Pass haikuweza kuingia.

Wachapishaji waligawanyika. Financial Times ilitengeneza gazeti lake ndani ya kivinjari Juni 2011, na Agosti mwaka huo programu yake ikaondolewa katika duka la Apple. Apple ililegeza sharti la bei sawa mnamo Juni, lakini ikaacha marufuku ya viungo. Julai, Kindle ya Amazon na wauzaji wengine wa vitabu waliondoa vitufe vya kununulia, na kwa miaka mingi msomaji wa vitabu wa iPhone alipaswa kutoka katika programu, kufungua kivinjari, kununua kitabu na kurudi, huku programu ikikatazwa hata kumwambia afanye hivyo.

Marufuku hiyo ya kusema yafaa itazamwe kando na kamisheni. Mtu anaweza kukubali kwamba mwenye duka alipwe, na bado akakataa kwamba muuzaji afungwe mdomo asimwambie mteja wake kuwa bidhaa ileile inapatikana kwa bei ndogo mahali pengine. Kamisheni isiyoogopa kulinganishwa haihitaji ulinzi wa namna hiyo.

Muziki ulionyesha ubaya wa hesabu hiyo zaidi ya magazeti. Spotify iliuza usajili kwa euro 9.99 kwa mwezi. Ilipoanza kutumia mfumo wa Apple mwaka 2014 ilipandisha bei ya ndani ya iPhone hadi 12.99. Ukikata asilimia 30 katika 12.99, zinabaki takriban euro 9.09, pungufu ya ilichopata kwa mteja wa tovuti, huku mteja wa iPhone akilipa euro tatu zaidi. Kama ingebaki na bei ya 9.99, ingepokea takriban 6.99. Kampuni hiyo husema hutoa karibu theluthi mbili ya mapato yake kwa wenye haki za muziki; mirabaha ya theluthi mbili ikihesabiwa juu ya bei kamili, kinachobaki kwa seva, wafanyakazi na kodi ni senti zipatazo 33. Kisha, tarehe 30 Juni 2015, Apple ilizindua Apple Music kwa 9.99, bila kumlipa yeyote kamisheni ya duka. Mwenye soko alikuwa amefungua meza yake katikati ya soko, na wenzake waliendelea kumlipa ushuru. Mwaka 2016 Spotify iliacha kuuza usajili ndani ya iPhone.

Mwaka huohuo wa 2016 Apple ilifanya badiliko kubwa la kwanza: baada ya mteja kukaa mwaka mmoja, mkato ungeshuka hadi asilimia 15. Google ilifuata mwanzoni mwa 2018. Punguzo hilo lilikuwa ungamo la kimyakimya. Ikiwa mteja wa mwaka wa pili anatozwa nusu, ni kwa sababu kazi ya duka kwake imepungua. Anabaki kwa uzuri wa nyimbo, habari au filamu, ambazo duka halikuzitengeneza. Swali ambalo badiliko hilo halikulijibu ni kwa nini kazi iliyokwisha iendelee kulipwa hata hiyo 15.

Wakubwa walijua njia za kukwepa. Netflix iliacha kusajili wateja wapya kupitia duka la Google na, mwishoni mwa 2018, kupitia la Apple. Amazon ilizungumza moja kwa moja: nyaraka zilizotolewa na Bunge la Marekani mwaka 2020 zilionyesha kwamba mwaka 2016 ilikubaliana na Apple mkato wa asilimia 15 kwa Prime Video tangu siku ya kwanza. Mtengenezaji mdogo hakuwa na wa kuzungumza naye. Kanuni iliyosemwa kuwa moja kwa wote haikuwa moja.

Tarehe 13 Agosti 2020 kampuni ya michezo ya Epic iliweka ndani ya Fortnite njia yake yenyewe ya malipo, mchezo ukaondolewa katika maduka yote mawili siku hiyohiyo, na kesi zikafunguliwa. Kesi dhidi ya Apple ilisikilizwa Mei 2021 huko Oakland, California, mbele ya Jaji Yvonne Gonzalez Rogers. Thamani yake kwa historia ni nyaraka zilizotolewa. Mojawapo ni barua pepe ya mwaka 2011 ambamo Phil Schiller, mmoja wa viongozi wa Apple, aliuliza kama mgao wa 70 kwa 30 ungedumu milele, akapendekeza kwamba faida ya duka ikifika dola bilioni moja kwa mwaka, kiwango kishushwe hadi 25 au 20. Hakikushushwa wakati huo. Shahidi wa Epic alikadiria kuwa faida ya uendeshaji wa duka ilizidi asilimia 75 ya mapato yake. Apple ilipinga namna ya kuhesabu.

Hoja za utetezi zilikuwa na uzito nazo. Duka hukagua programu, huzuia za kitapeli, hushughulikia kodi na malipo katika nchi nyingi, na huwapa watengenezaji zana ambazo kuziunda peke yao kungewagharimu miaka. Zaidi ya hayo, programu nyingi ni za bure na hazichangii hata senti; wanaolipa kamisheni hubeba gharama za wasiolipa. Hukumu ya tarehe 10 Septemba 2021 iliikubalia Apple karibu madai yote na kusema ina haki ya kulipwa kwa mali yake ya kiakili. Lakini jaji aliona pia kwamba asilimia 30 iliwekwa bila kufungamana na gharama, na kwamba takriban asilimia 70 ya mapato ya duka yalitoka katika michezo, kwa watumiaji wasiofika asilimia 10. Akaamuru marufuku ya kuwaelekeza wateja nje iondolewe.

Baada ya kesi kufunguliwa viwango vilianza kushuka haraka. Kuanzia Januari 2021 Apple ilitoza asilimia 15 kwa watengenezaji wenye mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka, na Google ikafanya vivyo hivyo kwa dola milioni ya kwanza kuanzia Julai. Kuanzia Januari 2022 Google ilitoza asilimia 15 kwa usajili wote, tangu siku ya kwanza. Korea Kusini ilipitisha sheria Agosti 2021 ya kuzuia maduka kulazimisha mfumo wao wa malipo, na tume ya ushindani ya Japani ikapata ahadi ya Apple kwamba programu za magazeti, muziki na filamu zitaruhusiwa kuweka kiungo. Punguzo halikuja katika miaka ambayo faida ilikuwa ikikua kwa utulivu. Lilikuja mahakama na mabunge yalipoanza kuuliza.

Kuruhusiwa njia nyingine, hata hivyo, kulipatiwa dawa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa rufaa katika kesi ya Epic Januari 2024, Apple iliruhusu viungo vya nje lakini ikadai asilimia 27 ya malipo yatakayofanyika huko, ilhali haikukusanya fedha wala kushughulikia kadi. Ukiongeza gharama za kukusanya malipo, njia mpya ilikuwa ghali sawa na ya zamani. Ndipo dai lilipojitokeza katika umbo lake kamili: fungu lilidaiwa kwa sababu tu mteja ameshika simu ya kampuni hiyo. Afrika Mashariki, ambako ada ya king'amuzi hulipwa kwa M-Pesa bila duka lolote la programu kuhusika, ni rahisi kuona kwamba kukusanya ada na kumiliki simu ni mambo mawili. Tarehe 30 Aprili 2025 Jaji Gonzalez Rogers alisema Apple imekaidi amri yake kwa makusudi na akaizuia kutoza malipo yanayofanyika nje. Ndani ya siku chache Spotify ilionyesha bei na viungo vyake kwa wateja wa iPhone nchini Marekani, na Kindle ikaweka kitufe cha kupata kitabu.

Ulaya ilipitia njia yake. Spotify ilipeleka malalamiko Brussels Machi 2019, na tarehe 4 Machi 2024 Tume ya Ulaya iliitoza Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa kuzuia kampuni za muziki zisiwaambie wateja kuhusu bei za nje. Siku tatu baadaye masharti ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali yakaanza kuyabana makampuni makubwa, na Aprili 2025 Apple ikatozwa euro milioni 500 nyingine chini ya sheria hiyo kwa kosa la aina ileile.

Mamlaka hizo zote zilishughulika zaidi na uhuru wa kutoka kuliko na kiwango chenyewe. Chombo kilichothubutu kutaja namba ni Mahakama ya Rufaa za Ushindani ya Uingereza. Katika hukumu ya Oktoba 2025, kwenye kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya mamilioni ya watumiaji, ilisema kuwa kati ya Oktoba 2015 na mwisho wa 2020 Apple ilitumia vibaya nguvu zake kwa kutoza kamisheni kubwa na isiyo ya haki. Haikusema mwenye duka hastahili kitu. Ilipima kazi ya kusambaza programu na kuona kuwa ujira wake wa haki ni asilimia 17.5, na kwamba sehemu ya tofauti kati ya hapo na 30 ilikuwa imetoka mifukoni mwa watumiaji. Apple ilitangaza kuwa itakata rufaa.